ADA YA KUTOLEA NI JUU YA NANI?



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni ada zikatwazo katika kulipana kwa simu na kwa kadi. Tulikuwa nasi twalihesabu dogo, mpaka jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, walipokuja barazani kwetu wanawake wawili waliopata kusoma chuoni mwetu walipokuwa watoto. Walikuwa wakikaa mkeka mmoja na kushika juzuu moja. Jioni ile walikaa mbalimbali, na kila mmoja alitusalimu sisi asimsalimu mwenziwe.

Mmoja wao anakaa hapa Tanga mjini, Ngamiani. Ni mjane, na mumewe alimwachia watoto watatu na fedha kidogo, akazifanya mtaji wa kuuza kanga. Hana duka. Hupiga picha kanga zake, akazitia katika simu, na watu wa Muheza, Pangani, Korogwe na hata Pemba huziona na kuagiza. Wa pili anakaa Pangani. Alikuwa na arusi ya ndugu yake, akaagiza doti moja ya sare kwa shilingi 15,000. Akatuma shilingi 15,000 kamili. Muuzaji alipoona fedha imeingia akamwandikia, "Bado ya kutolea." Yule akajibu, "Bei ni bei, ya kutolea hukuitaja." Basi kanga ikakaa siku sita, arusi ikapita, na mwenye kuagiza akaenda arusini bila ya sare. Kwa hasira akamwandika mwenziwe katika kundi la akina mama la simu kuwa ni tapeli. Wateja wakaanza kumkimbia.

Ndugu wasomaji, ada yenyewe iliyogombewa haikufika shilingi 2,000. Kwa kitu hicho ulivunjika urafiki wa miaka ishirini, na riziki ya mayatima watatu ikatiwa doa. Ndiyo maana twasema kuwa jambo hili si dogo.

Kabla ya kusema tuliyowaambia, yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Zamani, vijana walipotuuliza juu ya makato haya, tulikuwa tukijibu upesi kuwa ni aina ya riba. Tulisema bila ya kuchungua. Riba ni nyongeza juu ya mkopo au katika kubadilishana mali za riba. Lakini aliyetuma fedha yake kwa simu hakukopa wala hakukopesha. Amemwajiri mtu amfikishie amana yake. Sisi tuliozaliwa kabla ya simu hizi twakumbuka jinsi fedha zilivyokuwa zikisafiri: kwa hawala ya posta, ambayo ilikuwa na ada yake, au kwa mkono wa kondakta wa basi, ambaye naye alipewa chochote, na pengine bahasha ilifika na pengine haikufika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008, kazi ilikuwa ni ileile ya kondakta, ila mjumbe amekuwa mwepesi zaidi. Wakala akaaye kibandani na fedha taslimu, huku akichelea wezi, naye ana haki ya ujira wake, na kampuni yenye mitambo kadhalika. Basi ada ya kazi ni ujira, na ujira wa kazi ya halali ni halali. Tuliowaambia kinyume cha hayo, watusamehe.

Sasa turudi kwa wale wawili. Swali lilikuwa hili: ada hii ni juu ya nani? Sisi ni walimu wa watoto, si mamufti, kwa hiyo tulikwenda kwa sheikh mmoja mkubwa kuliko sisi kwa elimu. Akatukumbusha mas'ala ambayo wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, wameyaandika tangu zamani, zama za fedha za kupimwa kwa mizani. Walisema kuwa gharama ya kupima bidhaa, ikiwa ni ya kupimwa, ni juu ya muuzaji, kwani ndiye apasiwaye kuitoa. Na gharama ya kupima thamani, yaani fedha, ni juu ya mnunuzi, kwani ndiye apasiwaye kuilipa. Kila mmoja hubeba gharama ya kukabidhi kile kilicho juu yake.

Akasema sheikh: "Lichukueni hilo mlipime na jambo lenu. Ada ya kutuma ni ya mnunuzi, kwa kuwa yeye ndiye apelekaye thamani. Ikiisha kuingia katika mkoba wa muuzaji, na muuzaji aweza kuitumia vilevile kwa kununulia vitu, basi amekwisha kuipokea. Akitaka kuigeuza kuwa noti, hiyo ni haja yake, na ada yake ni juu yake. Illa wakishartiana tangu mwanzo kuwa mnunuzi ataongeza ya kutolea, au ikiwa ni desturi ijulikanayo na wote wawili, basi sharti lao ni sharti."

Kwa hiyo tuliwaambia hivi. Wewe muuzaji, ulitaja bei ukanyamaza, kisha ukaleta sharti baada ya kulipwa. Sharti lijalo baada ya mapatano halimfungi mtu. Ulipokwisha pokea thamani, kanga ilikuwa mali ya mwenzio, na kuizuia siku sita ni kuzuia mali ya mtu. Nawe mnunuzi, wajua kama wajuavyo watu wote wa nchi hii kuwa wauzaji wengi husema "na ya kutolea". Ungeliuliza mapema ungelipunguza ugomvi. Na kumwita Mwislamu mwenzio tapeli mbele ya watu kwa jambo lenye shaka ni dhulma kubwa kuliko shilingi 2,000. Heshima ya mtu haina wakala wa kuirudisha.

Walilia wote wawili, wakapeana mikono. Yule wa Pangani akaandika katika kundi lilelile kuwa alikosea. Nasi tulidhani mambo yamekwisha.

Lakini yule mjane alibaki nyuma, akasema, "Maalim, nimesikia na nimekubali. Walakini nisipodai ya kutolea, mimi sibaki na kitu." Maneno haya yalitushtua. Tukamwambia alete daftari lake. Akasema hana, hesabu anaiweka kichwani. Wazee wetu wamesema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tukachukua daftari la mmoja wa watoto wa chuo, tukaandika naye, doti moja baada ya nyingine. Tumeomba ruhusa yake tuiandike hesabu hii hapa, kwani wako wengi walio katika hali yake. Ada zenyewe ni zile alizokatwa yeye wakati ule, viwango hubadilika.

Doti moja aliinunua kwa jumla Dar es Salaam kwa shilingi 11,500, akaiuza 15,000. Kwa hesabu ya kichwani faida ni 3,500. Lakini katika daftari tuliandika haya: fungu la kila doti katika nauli ya mzigo kwa basi, 600, fungu lake katika ada ya kumtumia fedha mwenye duka la jumla, 200, bando la simu, 300, mfuko wa kufungia, 200, na ada ya kutolea, kwa kuwa kila doti ikilipwa alikwenda mbio kwa wakala kutoa, 1,400. Jumla ni shilingi 2,700. Faida ya kweli ikawa 800. Na mteja akimbembeleza apunguze 1,000, naye akapunguza kwa haya, amepata hasara ya 200 na hajui.

Baya zaidi ni hili. Kila akiuza doti 10 alikuwa akitoa shilingi 35,000 kwa matumizi ya nyumbani, akidhani kuwa ni faida, ilhali faida ilikuwa 8,000. Zile 27,000 zilizobaki zilikuwa ni mtaji. Mtaji wake ulianza na shilingi 300,000. Kwa doti 30 tu alikwisha kula 81,000 za mayatima, huku akimshukuru Mungu kwa faida. Aliponyamaza na kuitazama ile karatasi, tulifahamu kwa nini alikuwa mkali kwa shilingi 2,000 za mtu wa Pangani. Hakuwa na tamaa. Alikuwa akizama, asijue maji yaingia wapi.

Basi enyi wauzaji wadogo, na hasa vijana mnaouza kwa simu viatu, mabaibui, udi, asali na samaki wakavu, tunawausia mambo haya.

La kwanza, bei iwe moja na iwe wazi. Tieni ada ndani ya bei, kisha mseme, "Bei ni 16,500, hakuna kuongeza," au semeni kabla ya mapatano, "Bei 15,000 na ya kutolea ni juu yako." Njia zote mbili ni sawa, ila ya kwanza ni nzuri zaidi, kwa kuwa mnunuzi ajua mwisho wa jambo lake. Kilicho kibaya ni bei mbili, moja ya kumvutia mtu na nyingine ya kumshtukiza. Hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yatufundisha kuwa baraka ya biashara imo katika ukweli na kubainisha mambo, na kuwa kuficha huiondoa. Na katika Kurani iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Anayeficha ada mpaka fedha iingie, naye amegusa mizani.

La pili, msikimbilie kutoa. Ada za kutolea huwekwa kwa madaraja ya fedha, na kiasi kidogo ndicho kiumiacho zaidi. Atoaye mara kumi kidogokidogo hukatwa zaidi kuliko atoaye mara moja kwa jumla. Na ikiwa mwenye duka la jumla apokea kwa simu, mlipeni kwa simu moja kwa moja. Ya nini kuitoa fedha kwa ada kisha kuirudisha kwa wakala? Mjane wetu sasa hutoa mara moja kwa juma, na matumizi ya nyumbani tu. Ada yake ya kutolea haifiki nusu ya ile ya zamani.

La tatu, itengeni fedha ya biashara na fedha ya nyumba. Makampuni yote ya simu, M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa, yana namba za biashara ambazo watu huziita Lipa Namba. Viwango vyake si sawa na vile vya kumtumia mtu binafsi, basi ulizeni kwa wakala mlinganishe. Hata kama tofauti ni ndogo, faida yake kubwa ni kuwa miamala ya biashara hukaa peke yake, na mtu akataka kuandika daftari, nusu ya kazi imekwisha fanywa. Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 282, imewaamuru waumini kuandika madeni yao, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Basi kuandika mambo ya fedha si ukafiri wa mabenki kama wasemavyo baadhi ya wazee. Ni adabu ya dini yetu.

La nne, ziangalieni ada mara kwa mara. Mwezi wa Julai 2021 Serikali iliweka tozo juu ya miamala ya simu, nayo kwa muamala mkubwa kabisa ilifika shilingi 10,000. Mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena, ya juu kabisa ikawa 4,000. Muuzaji aliyeweka bei kwa ada za mwaka jana huenda akajidhulumu au akamdhulumu mteja.

La tano, jihadharini na hila. Ujumbe wa simu si fedha. Wako waovu watungao ujumbe mfano wa ule wa kampuni. Basi msitoe mzigo mpaka mmetazama salio lenyewe. Wako walipao, wakapokea mzigo, kisha wakaiambia kampuni kuwa walikosea namba, wakitaka fedha irudishwe. Wekeni maandishi mliyoandikiana na karatasi ya basi iliyopokea mzigo, viwe ushahidi wenu. Nanyi wanunuzi, mkipata ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", msitume chochote mpaka mmeisikia sauti ya mwenye haki yake.

Baada ya kuyasema haya katika darasa letu la vijana, alisimama kijana mmoja auzaye mikeka na vikapu vya ukindu, ambaye baadhi ya wateja wake ni jamaa zetu walioko Maskati na Uingereza. Akauliza, "Na kadi za benki, Maalim? Wao wataka kulipa kwa kadi." Swali lake ni zuri, na jawabu lataka ufafanuzi.

Kadi za namna hii zilianza kujulikana Marekani tangu mwaka 1950, ilipoanzishwa Diners Club mjini New York. Mteja akilipa kwa kadi, muuzaji hapokei bei yote. Hukatwa fungu kwa kila mia, nalo hugawanywa baina ya benki ya mteja, benki au kampuni impokeleayo muuzaji, na kampuni yenye jina la kadi. Tuseme fungu ni 3 kwa mia: kikapu cha shilingi 50,000 kitakatwa 1,500, na ikiwa fedha ni ya kigeni, yako pia makato ya kubadilisha. Tena mteja ana haki ya kulalamika kwa benki yake hata baada ya majuma kadhaa, na fedha ikarudishwa kwake mpaka muuzaji athibitishe kuwa mzigo ulifika. Basi mwenye kuuza kwa kadi na aweke risiti ya posta kama awekavyo hati ya nyumba.

Ama hukumu yake, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Riyadh mwezi wa Septemba 2000, wakaamua kuwa kadi ya mkopo yenye sharti la riba haifai kuitoa wala kuitumia, hata kama mwenye nayo anuia kulipa kabla ya riba kuanza. Isiyo na sharti hilo yafaa, na benki yaweza kuchukua ujira wake kwa muuzaji, kwa sharti kuwa muuzaji auze kwa kadi kwa bei ileile ya taslimu. Tazameni tena: bei moja! Na katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambao hawakuitazama fiqhi yetu, sheria ya mwaka 2015 iliwekea mpaka fungu liendalo kwa benki ya mteja, shilingi 2 kwa kila 1,000 kwa kadi ya fedha iliyomo benkini na shilingi 3 kwa kila 1,000 kwa kadi ya mkopo. Na tangu Januari 2018 wauzaji wakakatazwa kumwongezea mteja wa kawaida ada kwa kulipa kwa kadi hizo. Uadilifu wa biashara hujulikana na kila mwenye akili.

Kwa hiyo tulimwambia kijana wetu: ukitaka kupokea kadi, hesabu kwanza fungu litakalokatwa, ulitie ndani ya bei ya wote, na uiweke bei hiyo moja. Ukiona kuwa bei hiyo itawakimbiza wateja wako wa Muheza, basi bado hujafika wakati wa kuuza kwa kadi, wala hapana aibu katika hilo. Waambie jamaa wa Maskati watume kwa njia nyingine mtakayokubaliana, na ada yake isemwe mapema.

Neno la mwisho ni kwenu wanunuzi, nasi tumo miongoni mwenu. Muuzaji mdogo akikutajia bei yake na ada yake waziwazi, usimwone mchoyo. Amekuonyesha mizani yake. Na ukiwa na wasaa, ukaongeza ya kutolea kwa hiari bila ya kuombwa, hiyo ni hisani, na huenda ikawa ndiyo daftari na kalamu ya yatima fulani. Lakini hisani haidaiwi, na haki haifichwi.

Yule mjane bado anauza. Bei yake sasa ni shilingi 16,500, na chini ya kila picha ameandika, "Ada zote zimo." Doti ya kwanza aliyoiuza kwa bei hiyo ilikwenda Pangani, kwa mwenziwe yuleyule.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.